Shamba la Nyanya na Jina la Gichuki

Vijana wa kombania yangu ya zamani waliniandikia wiki chache baada ya mimi kurudisha magwanda stoo. Waliomba kurasa kadhaa kuhusu miaka yangu jeshini, wazisome na makuruta. Mmoja wao, koplo ambaye zamani nilimfundisha kufunga kamba za buti zisifunguke akikimbia, aliongeza kwamba niandike mambo ya kutia moyo. Nimemjibu kwamba nitaandika yaliyotokea. Moyo kila mtu atautia mwenyewe.

Wanaotafuta habari za vyeo wanisamehe. Niliingia praiveti na nimetoka praiveti. Katikati hapo nilivaa tepe mbili za koplo kwa miaka mitatu, na namna zilivyoondoka mkononi mwangu ndiyo sehemu kubwa ya maandishi haya. Mshahara nao sitauzungumzia, ulikuja ukaenda. Hapa Mukurweini watu hunikuta nikikamua ng'ombe wangu wawili, wakaniuliza kwa ile sauti ya kumhurumia mtu: miaka yote hiyo, hata koplo hukuwa? Huwa nawajibu kwamba nilikuwa, nikaona hakunifai, nikarudisha. Hawacheki. Mimi hucheka.

Nilijitolea. Naliandika neno hilo mapema kwa sababu siku hizi kila mtu aliyewahi kuumia anasema alisukumwa. Mimi hakuna aliyenisukuma. Nilipanda gari alfajiri hadi Nyeri, uwanja wa michezo, nikavua nguo nikabaki na kaptura pamoja na vijana mia kadhaa wanaotetemeka kwa baridi. Daktari alitutazama meno kama mnunuzi wa ng'ombe. Tukakimbia peku juu ya changarawe. Mbele yangu kulikuwa na kijana mwenye kifua cha mpiga masumbwi, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya nyayo bapa. Mimi mwembamba kama ufito wa maharagwe nikaandikwa namba mkononi kwa kalamu nene. Nilipofika nyumbani na karatasi yangu, baba, ambaye maisha yake yote yalikuwa kahawa, aliuliza swali moja tu, kwamba jembe nimemwachia nani. Mama alinifungia viazi vitamu vya safari. Kwetu mama akikufungia chakula, jua amesema yote.

Mafunzo ya kuruta mnayajua, na kama mmeyasahau miguu yenu haijasahau. Baadaye nilipelekwa kambi iliyo upande wa Nanyuki, mlima ukiwa mgongoni na tambarare mbele. Huko ndiko nilikokutana na Sajini Barasa, mtu wa magharibi, mnene wa shingo, asiyepaza sauti hata siku ya mvua ya mawe. Wiki ya kwanza alitutembeza porini, kisha akanitoa kwenye mstari. Nilidhani nimekosa. Akauliza mbona natembea nikitazama chini. Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu mashamba yameegemea mlima, na utelezi wa mwezi wa nne haumsamehe mtu anayetazama mawingu. Akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku ile nikawa mtu wa mbele, yule anayetangulia doria na kusoma ardhi ili wenzake wapite salama.

Alinifundisha kazi hiyo kwa miaka miwili. Mchanga uliofagiwa ni mchanga wa kuogopa. Mbuzi wakikwepa mahali, nawe kwepa, kwa maana mbuzi hana aibu ya kuonekana mwoga. Usitangulie zaidi ya dakika arobaini, macho huchoka kabla ya mtu kujua yamechoka. Na kifaa changu nilichokipenda kuliko bunduki kilikuwa spoku ya baiskeli. Mashine za kutafuta chuma zilikuwepo, lakini betri zake zilikuwa na tabia ya kufa siku zinapohitajika. Spoku haina betri. Unaidunga ardhini kwa mshazari, polepole, kama mama anayejaribu kiazi kama kimeiva. Nilizinunua Nanyuki katika duka la Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa mjini humo na aliyezungumza Kikuyu safi kuliko sisi wa kambini. Mara ya kwanza aliniuliza baiskeli yenyewe iko wapi. Nilipomweleza kazi yake alichukua tupa, akanichongea ncha tatu mwenyewe. Kisha akaniuzia soksi za pamba, akasema nivae mbili mbili. Wazee wa duka wakikupa ushauri juu ya miguu, usibishane nao.

Sheria kubwa ya Barasa ilikuwa moja na nusu. Ile moja nzima ni kwamba aliye nyuma anakanyaga pale aliye mbele amekanyaga, si kando, si karibu. Ile nusu aliifundisha akiwa ameketi juu ya jiwe akivua buti.

"Ukipata njia na shamba, pita shamba," alituambia. "Shamba iko na mwenyewe, na mwenyewe anaingia hapo kila siku na jembe. Hakuna mtu atatega bomu penye mama yake analima. Lakini njia ni ya kila mtu, na shetani pia ni mtu."

Tulicheka. Baadaye nilielewa kwa nini aliiita nusu. Kuisikia ni rahisi, kuifanya ni kazi nyingine.

Tulivuka mpaka kwenda vitani kwa malori, vumbi likiingia hata ndani ya chupa zilizofungwa. Sisi wa milimani tulipata tabu ya joto ambayo sitaieleza, maana wenzetu wa Garissa walitucheka vya kutosha. Kikundi chetu kilikuwa cha watu tisa, mimi nikiwa koplo tayari. Nyuma yangu kwenye mstari alitembea Praiveti Gichuki wa Kiriaini, miaka ishirini na sita, mabega mapana, na ndiye aliyebeba bunduki ya rashasha pamoja na mikanda yake ya risasi. Kutoka Mukurweini hadi Kiriaini si mbali, ni milima na mito tu iliyo katikati, lakini kwa maneno yake ungedhani anatoka nchi nyingine. Chai yetu ya Mukurweini ilikuwa majani ya kulishia mbuzi. Ndizi zetu aliziheshimu kidogo. Alikuja na pakiti ya majani ya chai kutoka kwao akaificha ndani ya soksi, na alipoipika kambini kwa maziwa ya unga alisimama kando akitutazama tukinywa, akingoja sifa. Mimi sikumsifu hata siku moja, kwa makusudi. Sasa naona ningemsifu angalau mara moja. Ilikuwa chai nzuri sana.

Tulitembea pamoja miezi saba. Mtu anayekanyaga nyayo zako miezi saba unamjua kwa pumzi. Nilijua akichoka, nilijua akikasirika, nilijua akitaka kusema kitu akakumbuka kwamba doria ni kimya. Niligundua vilipuzi vinne kwa miezi hiyo na kila mara alinipiga bega mara moja kwa kidole. Hiyo ndiyo medali niliyopata vitani na sikuhitaji nyingine.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Tulikuwa tukikagua kijiji kilicho kando ya mto, mahali pa mashamba ya kumwagilia. Mbele yangu kulikuwa na shamba la nyanya, na pembeni ya shamba, kandokando ya mfereji, kijia kilichokanyagwa kikawa kigumu. Nilijua la kufanya. Barasa alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na kabla hatujaondoka alikuwa amerudia amri kwa kila mmoja wetu, mimi wa kwanza: shambani, si njiani.

Nikainua mguu kuingia shambani, na nikaziona. Zilikuwa zimepandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko gwaride letu. Kila mche ulikuwa umefungwa kwenye kijiti kwa uzi wa gunia, na maua yake ya manjano yalikuwa yameanza kushika matunda, madogo kama shanga. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti katikati akipalilia. Hakuitazama bunduki yangu. Aliutazama mguu wangu.

Hapa ndipo nataka mnielewe vizuri, nyinyi mliokulia mjini hasa. Mimi nimelelewa juu ya nusu ekari. Kwetu ukikanyaga maharagwe ya jirani unachapwa na jirani, kisha unachapwa na baba, kisha mama anakupeleka kwa jirani kuomba msamaha ukiwa bado unalia. Mtoto wa kwetu hujifunza kutokanyaga kilichopandwa kabla hajajifunza kuomba dua. Jeshi lilikuwa limenifundisha kupiga risasi, kulala matopeni, kula vitu visivyo na jina. Hilo moja halikuwa limeweza kuling'oa, na wakati ule hata sikujua kwamba lipo.

Nikaurudisha mguu. Nikageuka kushoto, nikashika kijia.

"Tunazunguka?" Gichuki akauliza kwa kunong'ona.

"Tunazunguka," nikasema.

Nilikwenda kwa macho na spoku, hatua kumi na mbili. Ardhi ilionekana safi. Bomu lilikuwa limetegwa na mtu anayejua kazi yake, lilipuke kwa uzito mkubwa kuliko wangu. Mimi mwembamba nikapita juu yake. Gichuki, pamoja na rashasha na mikanda yake, alikanyaga pale pale nilipokanyaga, kama alivyofundishwa, kama alivyofanya miezi saba bila kukosea hata mara moja.

Sitaandika nilichokiona nilipogeuka. Nitaandika kilichofuata, kwa kuwa ndicho kinachonikasirisha mpaka leo. Tulimbeba kwa machela kukimbilia mahali helikopta ingeweza kutua, na njia ya karibu ilikuwa kukata shamba. Tulizikanyaga zote. Watu wanane na machela, buti kumi na sita, mara mbili, kwenda na kurudi kuchukua vifaa. Mwanamke yule alikuwa amesimama pembeni mikono kichwani, akilia, na sijui kama alimlilia Gichuki au nyanya, na sijamlaumu kwa lolote kati ya hayo. Gichuki alikufa kabla helikopta haijatua.

Alizikwa kwao Kiriaini, jeneza likiwa na bendera. Sikuwepo. Siku hiyo nilikuwa bado ng'ambo ya mpaka nikingoja kuhojiwa.

Kabla sijaendelea, lazima niwaeleze makuruta jambo ambalo bado hawajalijua. Kambini kwetu kuna jiwe jeusi lililojengewa ukutani karibu na uwanja wa gwaride, lenye majina ya wenzetu wa kombania waliokufa vitani. Desturi ya kombania ni kwamba aliyekufa akiwa anatii amri anachongwa humo. Aliyekufa kwa kuvunja amri hachongwi. Ni desturi kali na mimi siipingi. Ndiyo maana ilinibidi nipigane.

Wiki ya pili Meja wetu aliniita hemani. Ripoti ilikuwa tayari imeandikwa, ilibaki sahihi yangu kama shahidi wa kwanza. Alinisomea. Ilisema Praiveti Gichuki alitoka kwenye mstari kwa hiari yake mwenyewe na kushika njia iliyokatazwa.

"Afande, hiyo si ukweli," nikasema. "Ni mimi nilitoka kwa mstari. Yeye alinifuata."

"Najua," akasema.

Meja hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumfikirie hivyo. Alinikalisha kwenye sanduku la risasi akanieleza kwa upole. Kombania nzima haikuwa na mtu mwingine anayesoma ardhi kama mimi. Kosa likiandikwa kwa jina langu, nitaondolewa mbele, na wiki ijayo atatangulia mtu asiyejua mchanga uliofagiwa na usiofagiwa. Aliniuliza kama nimeshahesabu watakaokufa watakuwa wangapi.

"Gichuki hawezi kunyang'anywa tepe," akasema. "Wewe unaweza. Tia sahihi, Wahome, kesho urudi kazini."

Nisiwadanganye, kalamu niliishika. Hoja yake ilikuwa nzito, na moyoni nilikuwa natafuta sababu yoyote ya kutokuwa mimi. Kisha nikafikiria jiwe lile, na mahali ambapo jina lake lingekosekana, na watu wakipita kila asubuhi kwenda gwaride. Mtu aliyetii kuliko sisi sote angekumbukwa kama mkaidi. Nikaiweka kalamu chini.

"Afande, hawa wananifuata kwa sababu wanajua nikikosea nitasema," nikamwambia. "Nikiweka sahihi hapa, kesho nani atakanyaga penye nimekanyaga?"

Akasema hicho ni kiburi. Nikasema ndiyo, afande.

Nje ya hema nilimkuta Sajini Barasa. Hakuwa amenisemesha tangu siku ile, na alikuwa na haki, kwa kuwa amri niliyoivunja ilikuwa yake. Akaniuliza kama nimetia sahihi. Nikasema sijatia.

"Ulikosa mara moja," akasema. "Leo hujakosa."

Akaingia hemani bila kuitwa, akaandika maelezo yake. Aliandika kwamba alitoa amri waziwazi, kwamba Koplo Wahome aliivunja, na kwamba Praiveti Gichuki alikufa akitii sheria ya nyayo. Ni maneno makali kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu yangu, na nilimshukuru kwa kila herufi.

Tepe zangu ziliondolewa mbele ya gwaride. Mtu anayezikata hutumia wembe, na akiwa na haraka anakukwaruza. Huyu hakuwa na haraka. Nilisimama nikitazama mbele, na nawaambia kweli, sikuona aibu hata kidogo. Aibu yangu ilikuwa kwenye kijia cha mfereji. Kwenye gwaride nilikuwa nimenyooka.

Nilidhani basi, jina litachongwa. Sikujua makaratasi. Ripoti ya kwanza, ile niliyoikataa, ilikuwa imeshatumwa juu kabla ya sahihi yangu, na hakuna aliyetaka kuandika kwamba tumetuma ripoti mbaya. Kwa hiyo zikawepo faili mbili, moja ikinilaumu mimi na moja ikimlaumu yeye. Mimi nikaadhibiwa kwa ile ya kwangu, na jina lake likazuiwa kwa ile ya kwake. Aliyeweza kuyapanga mambo hayo kichwani bila kizunguzungu anafaa kuwa mkuu wa ofisi.

Likizo yangu ya kwanza sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kiriaini. Nilikuwa nimeonywa nisiende, kwamba uchunguzi bado, kwamba si kazi yangu. Lakini neno lilikuwa limeshafika sokoni, limebebwa na askari mmoja aliyekuwa likizoni, kwamba Gichuki, mtoto wa Wangari, alikufa kwa utundu wake. Nilimkuta mama yake kwenye chai, kikapu mgongoni, vidole vikichuma bila yeye kuvitazama. Nilimwambia jina langu. Akakitua kikapu.

Nilimweleza yote kwa Kikuyu, nimesimama, kofia mkononi. Sikujipunguzia. Nilimwambia kwamba mwanawe hakukosa, kwamba mimi ndiye niliyekosa, na kwamba alikufa kwa kuniamini. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Lilikuwa limepandwa nini, hilo shamba?" akauliza.

"Nyanya, mama."

"Mwenyewe alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alikuwa akipalilia."

Akakishika tena kikapu chake. Nilimwona akipigana na jambo moyoni, na sikujua nimtakie lishinde lipi.

"Nenda," akasema. "Leo sitaki kukuona."

Nikaenda. Kuna watu walioniambia baadaye kwamba ningeomba msamaha zaidi, nipige magoti, nilie. Hapana. Sikwenda kuchukua kitu kwake. Nilikwenda kumpelekea mwanawe alivyokuwa, na nilimfikishia.

Nilivuka mpaka mara mbili zaidi baada ya hapo, nikiwa praiveti. Mara zote mbili niliomba nibebe rashasha. Walidhani ni adhabu niliyojipa. Labda, lakini pia nilitaka kujua uzito aliokuwa akibeba nyuma yangu akiwa kimya. Ni mzito jamani. Kwenye kilima cha tatu mkanda wa risasi unakukata bega hadi unasahau jina lako. Nikiwa kambini, makuruta waliletwa kwangu nje ya ratiba wafundishwe kutembea. Niliwafundisha yote ya Barasa, na ile nusu ya sheria nikaifanya nzima. Niliwapitisha kwenye shamba la mahindi la kambi, makusudi, wakanyage. Vijana wa kwetu walikuwa wakisitasita pembeni kama mbuzi mbele ya maji. Hao ndio niliowarudisha mara kumi. Najua mpishi alinichukia kwa mahindi yale. Walio hai leo wamsalimie.

Na niliandika barua. Kila mkuu mpya alipoingia kambini, nilisubiri wiki mbili azoee kiti, kisha nikapeleka karatasi ileile kwa mwandiko uleule: kwamba jina la Praiveti Gichuki limekosekana kwenye jiwe, na sababu zake ni hizi. Barua ya kwanza ilipotea. Ya pili ilirudishwa kwa sababu ya mpangilio. Ya tatu nilijibiwa kwamba inashughulikiwa, neno ambalo ofisini maana yake ni lala salama. Karani wa ofisi aliacha kuniita jina langu, akaniita Barua. Mkuu mmoja aliniita, akaniambia kwa wema kwamba muda umepita, mama mwenyewe amezeeka, sasa jambo hili litamsaidia nani.

"Afande, kwa jiwe nafasi iko," nikamwambia. "Nimepima."

Kweli nilikuwa nimepima, kwa vidole. Alinitoa ofisini, lakini nilimwona akificha tabasamu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini aliingia mkuu mwingine, mtu mkimya. Nilimpelekea karatasi baada ya wiki mbili kama kawaida. Siku ya tatu alituma niitwe. Alikuwa ameshampigia simu Barasa, ambaye amestaafu anafuga kuku, na Barasa alikuwa amerudia maelezo yake neno kwa neno. Mkuu akaniambia ripoti ile ya kwanza ataiondoa kwa sahihi yake mwenyewe. Nilipiga saluti, nikatoka, nikaenda nyuma ya stoo nikalia kama mtoto, na sioni sababu ya kulificha.

Siku ya kulizindua jina, jamaa wa marehemu walialikwa. Mimi sikualikwa, nilikuwa zamu ya lango, jambo ambalo halikuniudhi, maana praiveti lazima awe mahali fulani. Mama Gichuki alikuja na mpwa wake. Alikuwa amevaa sweta ya kijani na kitambaa cheupe kichwani, na alitembea kwa fimbo. Nilimfungulia mlango mdogo. Akasimama.

"Wewe ni yule wa nyanya," akasema.

"Ni mimi, mama."

Luteni aliyekuwa akipokea wageni alikuja mbio kumwonyesha hema na kiti cha mbele. Mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha mashambani: "Mimi nitasimama na huyu." Luteni akaeleza kwamba langoni hakuna kivuli, na kwamba ratiba imeshapangwa. Mama akasema amechuma chai juani miaka hamsini. Luteni akanitazama mimi, nami nikatazama mbele, kama kanuni inavyotaka. Akaondoka.

Tulisimama pale, mimi na bunduki, yeye na fimbo. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Kutoka langoni jiwe linaonekana, ng'ambo ya uwanja. Desturi yetu ni kwamba siku ya jiwe majina yote husomwa kwa sauti kubwa, na baada ya kila jina kunakuwa kimya, kwa sababu mwenyewe hawezi kuitika. Walisoma jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nilihisi mkono wake ukinishika juu ya kiwiko, pale pale tepe zilipokuwa, na vidole vyake vilikuwa vigumu kwa miaka ya chai.

Wakasoma: Praiveti Gichuki.

"Yuko," mama yake akaitika, kwa sauti iliyovuka uwanja mzima. Kombania yote ikageuka kutazama lango, na hakuna aliyemwambia anyamaze.